Pazia Kabla ya Kisu

Ninyi mnaoanza uuguzi sasa mna pazia kwenye kila kitanda, tena lina reli. Mnalivuta bila kufikiri, kama mtu anayefunga kifungo cha shati. Mimi nilipoanza kazi kule juu, katika hospitali moja ya misheni kwenye milima ya Upare, upande wa kusini, chumba cha kuonea wagonjwa kilikuwa na pazia moja tu, nalo lilikuwa dirishani. Kazi yake ilikuwa kuzuia jua la asubuhi lisimpige daktari machoni. Nitawaeleza jinsi pazia lile lilivyotoka dirishani likaja kuning'inia kati ya mgonjwa na ndugu zake. Wanaojua habari hiyo karibu wote wametangulia, na mmoja wao nilikuwa nimemwekea ahadi.

Nilikuwa nesi wa thieta. Kazi nilifundishwa na Mzee Sefu, mhudumu aliyetokea mashamba ya mkonge huko chini, mtu wa Kigoma kwa asili, aliyeoa mlimani akakwama. Kwanza kabisa alinifundisha glovu. Msicheke. Glovu zetu hazikutupwa. Tulizifua, tukazijaza hewa kwa mdomo, tukazizamisha ndani ya beseni la maji kuangalia mapovu, kama fundi wa baiskeli anavyotafuta tundu la mpira. Iliyotoboka ilitiwa kiraka. Tulizipaka poda, tukazifunga kwenye kitambaa, tukazipika kwa mvuke.

"Binti," Mzee Sefu aliniambia siku niliyotoboa glovu mpya kwa ukucha, "kule kwenu mna maneno kwamba Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Basi glovu hii ndiyo kuku. Kata kucha."

Nilikata kucha, na mpaka leo sifugi.

Daktari wetu aliitwa Kalinga. Alitoka Nyanda za Juu Kusini, hakujua hata neno moja la Chasu, lugha yetu Wapare, alipofika, na baridi ya mlimani haikumtisha kwa sababu alisema kwao ni kali zaidi. Alikuwa mwepesi wa mikono kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpa kisu. Wepesi huo haukuwa mbwembwe. Dawa ya usingizi ilikuwa etha, tuliidondosha juu ya shashi puani kwa mgonjwa, na kadiri mtu alivyolala kwa muda mrefu ndivyo kumwamsha kulivyokuwa kwa wasiwasi. Damu ya akiba hatukuwa nayo. Akiba ilikuwa ndugu zako, na ndugu wengine wakisikia habari ya kutoa damu wanakumbuka ghafla kwamba ng'ombe hawajanyweshwa. Kwa hiyo daktari mzuri alikuwa yule anayeingia, anayefanya, anayetoka.

Akina mama wengi walitujia na uvimbe wa kizazi, ule usio na ubaya isipokuwa ukubwa wake. Daktari Kalinga alikuwa na njia yake. Alipasua tumbo kwa mkato mdogo, akakishika kizazi kwa kibanio chenye meno, na kwa kuwa kilikuwa kikubwa kuliko mlango aliokifungulia, alikikata humohumo ndani na kukitoa kipande kwa kipande. Shingo ya kizazi aliiacha mahali pake, maana kuitoa kulichukua muda na kulimwaga damu zaidi. Mgonjwa alirudi wodini na kidonda kidogo, na baada ya muda mfupi alikuwa amekaa kitandani akiulizia makande. Kwa uvimbe wa aina ile njia hiyo iliokoa wengi. Nalisema hili mapema ili msije mkamhukumu mtu kwa yale yanayofuata.

Siku moja ya soko machela iliingia uwanjani. Walioibeba walikuwa wanaume wanne, na aliyekuwa mbele kulia alikuwa na bega lililochubuka, shati limegandamana na ngozi. Huyo aliitwa Mbonea. Juu ya machela alilala mama mkwe wake, Bibi Nakunda, mjane wa makamo ya juu, mwembamba, na tumbo lililonyanyua khanga kama mtu aliyeficha chungu. Wanawe wa kiume walikuwa mbali, kwenye mkonge. Mbonea, mume wa binti yake Namsifu, ndiye aliyekwenda kwa balozi wa nyumba kumi kuomba wabebaji.

Lazima niwaeleze jambo moja la wakati ule. Mkwe wa kiume hakula mbele ya mama mkwe wake. Hakuketi kwenye kitanda chake, hakumtazama usoni akiongea, na kulikuwa na mambo ya mwili ambayo hayakutajwa wakiwa chini ya paa moja. Lakini pia mkwe aliyemfikisha mama hospitali akamwacha peke yake na watu asiowajua angesemwa mpaka kanisani. Mbonea alizishika adabu zote mbili. Aliingia chumbani pamoja na mgonjwa, akasimama karibu na kichwa cha kitanda akiwa ameshika kapu lake, akaelekeza uso ukutani.

"Shikamoo mama," Daktari Kalinga alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mkono wako ni baridi."

"Huyu ni nani aliyekusindikiza?"

Mbonea alijibu kwa ukuta: "Huyu ni mama yangu, daktari. Nakula vizuri nyumbani kwa sababu yake, ndiye aliyemfundisha mke wangu kupika. Mtazame vizuri."

"Nitamtazama. Mama, damu ya mwezi bado inakuja?"

Bibi Nakunda alivuta khanga mpaka kwenye nyusi. "Ilikwisha."

"Na tangu ilipokwisha, haijarudi hata kidogo?"

Mbonea alihamisha kapu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Tumbo, mwanangu," akasema Bibi Nakunda. "Tumbo ndilo linalonisumbua."

Daktari akaandika tumbo. Mimi nilikuwa pale nimeshika sinia la vyombo na sikuona lolote la ajabu. Hakukuwa na kosa la kuona. Kila mtu mle chumbani alikuwa na adabu.

Alipasuliwa kwa njia ya kawaida. Kipande cha kwanza kilitoka kigumu, cheupe, uvimbe tuliouzoea. Cha pili kilipokatwa, kitu laini kilitiririka kwenye kisu. Kilikuwa cha rangi ya kijivu, kinameng'enyeka kama uji wa jana, na kilikuwa na harufu. Kilimwagika ndani ya tumbo kabla shashi yangu haijakifikia. Daktari Kalinga aliacha mikono hewani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Maji ya chumvi. Mengi. Ya uvuguvugu." Tuliosha na kuosha. Mzee Sefu alibadilisha beseni mara baada ya mara. Daktari akarudi akaitoa shingo ya kizazi na vifuko vya mayai, kazi ambayo kwa kawaida asingeifanya, na ilichukua muda mrefu. Lakini yaliyomwagika yalikuwa yamekwisha mwagika.

Kipande kilitiwa kwenye chupa ya dawa kikapelekwa Dar es Salaam kwa gari moshi kutoka Same. Majibu yalichelewa sana, kama kila kitu wakati ule. Ilikuwa kansa ya utando wa ndani wa kizazi.

Mwajua ninyi, kwa sababu mmefundishwa, kwamba mwanamke aliyekwisha koma hedhi akaona damu, hata tone la kuchafua kitambaa tu, lazima achunguzwe kansa hiyo kabla ya jambo lingine lolote. Daktari Kalinga naye alijua. Angeisikia habari ya damu, angekwangua kwanza ndani ya kizazi na kupata majibu kabla hajashika kisu. Angetafuta damu ya akiba, angepasua mkato mrefu, angekitoa kizazi kizima. Hakuisikia.

Bibi Nakunda aliniambia mimi baadaye wodini, nilipokuwa nambadilishia kitambaa cha kidonda. Damu ilikuwa imerudi tangu msimu wa mahindi uliopita. Alikuwa akichota maji ya mfereji na kuyapeleka mbali kwenye migomba, anafua vitambaa vyake huko kabla wenzake hawajatoka, kwa sababu mwanamke wa umri wake akionekana anafua vitambaa, wataanza kumcheka kwamba anataka kuzaa sambamba na wajukuu zake.

"Kwa nini hukumwambia daktari, bibi?"

Alinitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini watu huvaa nguo. "Mbele ya mkwe wangu?"

Alikwenda Dar es Salaam akachomwa miale, akarudi amesinyaa lakini mchangamfu. Alikuja hospitali kila alipoagizwa, akipanda lori la mbao, na kila mara alimletea Mzee Sefu tangawizi. Tulianza kupumua. Daktari alianza tena utani mle thieta. Halafu Bibi Nakunda akaja siku ambayo hakuagizwa.

"Nilikuwa nakoroga makande," alisema, "nikajikuna hapa. Nikahisi kitu kama punje ya harage. Nikasema, labda limedondoka kwenye nguo. Halikudondoka."

Lilikuwa chini ya kovu, pale hasa vipande vilipopitia. Daktari alibonyeza, akapima tumbo lote kwa kiganja, taratibu, akakuta mengine kwa ndani. Aliniambia nimtoe Mbonea nje, ambaye alikuwa amesimama palepale pa siku zote, uso ukutani, kapu mkononi. Kisha akavuta kigoda.

"Bibi, ugonjwa umerudi."

"Nimekwisha jua. Umerudi kwa sababu gani?"

Madaktari wengi wangesema ni mapenzi ya Mungu. Huyu alisema: "Ulikuwa umefungwa ndani ya kizazi, kama mbegu ndani ya boga. Mimi nilipasua boga ndani ya nyumba. Siwezi kuapa kwamba ningelitoa zima ugonjwa usingerudi. Wakati mwingine hurudi hata ukifanya yote sawa. Lakini usingepita kwenye kovu."

Bibi Nakunda alifikiri. "Ugonjwa huu ungekuwa jirani yangu," alisema, "ningeuza mbuzi nikaufungulia kesi Same." Akacheka, ikamuuma, akashika tumbo. "Wewe usijilaumu. Uliniuliza vizuri. Sema tu mahali penyewe..." Akageukia mlango uliofungwa na hakumaliza.

Nilipokuwa namsindikiza wodini ndipo akanishika mkono. "Mwanangu, umenisikia mle ndani. Huyo kijana usimwambie kamwe kwamba ni kwa sababu alikuwepo. Alinibeba mpaka bega likatoka ngozi. Akijua, hatambeba mtu tena."

Niliahidi. Alifia nyumbani kwake miezi ya ukungu, wakati wa baridi, na Mbonea ndiye aliyechimba.

Baada ya maziko Daktari Kalinga alibadilisha thieta. Hakuitisha mkutano, na enzi zile tuliitisha mkutano hata kuhamisha meza. Kila tulipompasua mama aliyekoma hedhi, alifanya jambo jipya na kusubiri tulione. Mkato sasa ulitoka kitovuni kwenda chini, mrefu, wa kutosha kupitisha kitu kizima. Kibanio chenye meno alikirudisha sandukuni, akasema kinachotoboa kinavujisha. Kabla hajakivuta kizazi wala kukigeuza, alibana mirija yote miwili ya mayai karibu na kizazi chenyewe, ili tukikiminya kisiteme kitu tumboni. Kilitoka kizima pamoja na shingo yake, kikaingia kwenye beseni, na beseni lilitoka mezani. Kilifunguliwa kwenye meza nyingine, kwa kisu kingine, na aliyekifungua hakurudi kugusa tumbo.

Halafu ikaja amri ya glovu. Kabla ya kufunga tumbo, wote tuvue, tuvae nyingine, na vyombo vilivyogusa kizazi visishone ngozi. Mzee Sefu alikuja juu.

"Daktari, glovu mara mbili kwa mgonjwa mmoja? Hizi naziziba mimi. Vidole vyangu vimekuwa viraka."

"Mzee, punje ya harage," Daktari alisema. Basi.

Mzee Sefu aliongeza beseni la kufulia.

Na pazia? Pazia nililitoa mimi dirishani, baada ya kumwomba daktari. Tulipiga misumari miwili, tukafunga kamba ya mkonge. Utaratibu ukawa kwamba kila mama, awe msichana au ajuza, anaulizwa peke yake kwanza, na msindikizaji anangoja nje, hata akiwa mchungaji, hata akiwa katibu wa tawi la chama. Katibu mmoja alinitisha kwamba nafanya siri katika nchi ya ujamaa. Nilimwuliza kama na yeye angependa kuulizwa habari za tezi lake mbele ya kamati. Akaenda kukaa kwenye benchi.

Lakini pazia peke yake halitoshi, wanangu, hili mlishike. Mkimwuliza mama mzima, "Unatoka damu?" atawajibu "Hapana," kwa sababu neno lenyewe ni zito kulibeba. Mwulizeni anafua nini siku hizi. Mwulizeni kama ana khanga asiyoianika mbele ya watu. Atanyamaza kwanza. Msijaze ule ukimya kwa maneno yenu. Ungojeni.

Mbonea aliendelea kubeba watu. Alikuwa kama gari la wagonjwa la kijiji chao. Kila alipomleta mwanamke nilimwambia, "Toka nje kidogo, kaka," naye akaniuliza kwa utani, "Dada nesi, mimi nina ukoma?" Nikamjibu ni utaratibu. Kisha akahamia tambarare, kwenye kijiji kipya cha ujamaa upande wa Kwakoa, na sikumwona kwa miaka.

Aliporudi alikuwa na mvi. Alikuja na mkewe Namsifu, binti wa marehemu. Walikuwa wamezipita hospitali nyingine njiani, wakalala Same, wakapanda lori kuja kwetu. Namsifu alitembea mwenyewe, mwembamba kama mama yake.

Namsifu alipasuliwa na Daktari Kalinga, mkwanguo ukiwa umekwisha pelekwa Dar na majibu yamerudi. Nilisimama upande wa vyombo. Mirija ilibanwa kwanza. Kizazi kilitoka kizima, kidogo kama ngumi, hakuna aliyekitoboa, hakuna tone lililodondoka. Kilipofunguliwa kwenye meza nyingine, ugonjwa ulikuwemo, uleule wa kijivu, umekaa kwenye utando haujafika mbali. Daktari alikwenda dirishani, akasimama hapo na glovu zake mikononi mpaka Mzee Sefu alipomkumbusha kuzibadilisha. Kovu la Namsifu nililipapasa mimi kila aliporudi, miaka mingi, kutafuta harage. Sikulipata. Amezeeka huko tambarare, na bado anapika makande yenye chumvi nyingi.

Hiyo ni furaha, na nimeitaja kwa sababu ni kweli. Lakini ninapokaa peke yangu siikumbuki thieta ya siku ile. Naikumbuka asubuhi waliyofika.

Mbonea alimfikisha mkewe mlangoni, akampa kapu. Nilikuwa nafungua kinywa kumwambia angoje nje, nikakuta amekwisha geuka. "Kuna benchi, kaka," nikasema. "Hapana, dada nesi. Nitakaa kule." Akaenda mbali, akapita jiko la wasindikizaji, akasimama kwenye ukingo wa uwanja ametupa mgongo, anatazama mlima.

Nilivuta pazia. Nilimwuliza Namsifu anafua nini siku hizi. Nilijiandaa kungoja.

"Vitambaa," alisema papo hapo. "Damu imerudi. Mume wangu aliniona nafua kule mbali na watu. Akaniambia, usinieleze mimi. Akaacha jembe shambani akaniambia twende kwa nesi mwenye pazia."

Nilipomaliza nilimfuata Mbonea ukingoni. Hakugeuka.

"Amesema?" aliuliza.

"Amesema."

"Yote?"

"Yote."

Aliitikia kwa kichwa. Sikumwambia kitu, kwa maana nilikuwa nimeahidi, na ahadi hiyo niliitunza mpaka naye alipozikwa. Tulisimama pale. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Mkono wake ulikwenda kwenye bega la kulia, ukabaki hapo.

"Mimi siku ile niligeukia ukuta," alisema Mbonea. "Nilidhani inatosha."